MBA Isiwe Kilemba cha Ukoka



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisikia kutoka kwa mwalimu wa madrasa. Nalo ni hii shahada ya uzamili ya utawala wa biashara, maarufu kwa jina la MBA, ambayo siku hizi ndugu zetu wengi waliokalia kiti cha umeneja hapa Kampala wanaikimbilia. Sina ugomvi na elimu hiyo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoichagua. Tunaichagua kama mtu anayechagua kilemba cha kwendea harusini: Kinang'aa? Fulani anacho? Nitaonekana? Hatuulizi kama kinatosha kichwa. Wahenga walipomsema mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka, walimkusudia aliyesifiwa hata akaamini, kumbe alichovaa ni majani, na jua likiwaka yananyauka.

Kauli yangu ni hii: meneja Mwislamu achague shahada na mchepuo wake kwa kuitazama amana iliyo mikononi mwake, wala si kwa kutazama herufi tatu zitakazofuata jina lake kwenye kadi. Na ailipie kwa pesa ya halali. Asiyeyapata mawili haya, kusubiri ni bora kwake kuliko kujaza fomu.

SHAHADA HII NI YA NANI?

Tuanze na asili yake. MBA ilianza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1908. Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha aina nyingine, ile ya watendaji, kwa watu walio kazini ambao hawawezi kuacha ofisi ili wakae darasani. Fikra ya aina hiyo ya watendaji, basi, ilikuwa kwamba anayesoma awe tayari anabeba jukumu, na darasa limsaidie kulibeba vizuri zaidi. Hata AMBA, jumuiya ya London iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya kuzipa ithibati programu hizi, inataka mwanafunzi awe na miaka isiyopungua 3 ya kazi baada ya shahada ya kwanza.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu naona vijana wanaomaliza shahada ya kwanza mwezi huu na wazazi wao wanawasukuma waingie MBA mwezi ujao. Kijana hajawahi kusimamia hata duka la mtaani, hajawahi kumwachisha mtu kazi, wala hajawahi kukosa pesa ya mishahara tarehe 30. Mwalimu akisema, "Tuleteeni tatizo la ofisini kwenu," yeye hana ofisi. Elimu hii ni kama dawa ya mgonjwa. Asiyeumwa akiinywa, ameupoteza ujira wa tabibu.

Wazazi, mpeni kijana huyo kwanza miaka mitatu au minne ya kazi. Yule ambaye bado hajawa meneja lakini ana fani yake, kama uhasibu au takwimu, huenda shahada ya uzamili ya fani yenyewe ikamfaa zaidi kuliko MBA. MBA humfundisha mtu kuiona taasisi nzima: fedha, watu, soko, sheria na mipango. Shahada ya fani humchimbisha kisima kimoja hadi chini. Hizo ni haja mbili mbalimbali, na kila moja ina mtu wake.

UDHURU WA KWANZA: "MUHIMU NI CHETI"

Huu ndio udhuru ninaousikia kuliko wote. Eti mwajiri anaangalia karatasi tu, basi tafuta chuo chepesi, cha karibu, cha haraka, umalize.

Ndugu yangu, hata ukitaka karatasi, karatasi nayo ina sharti. Hapa Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), na kila programu lazima ipate ithibati ya Baraza hilo. Mwaka 2023 zilizuka kelele nchi nzima ilipobainika kwamba programu nyingi, na za vyuo vyenye majina makubwa pia, zilikuwa zimeandikwa kwenye orodha ya Baraza kuwa muda wa ithibati yake umekwisha. Wazazi walipatwa na hofu, na vyuo vikaanza kueleza na kujitetea. Somo la mwaka ule lisisahaulike: jina la chuo halitoshi. Uliza programu yenyewe, kwa jina lake kamili, iko wapi kwenye orodha. Wenzetu wa Kenya waulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), wa Tanzania waulize TCU, wa Rwanda waulize HEC. Swali hilo halina gharama, na kutouliza kunaweza kukugharimu miaka miwili.

Kisha kuna jambo la pili. Ukipata cheti bila elimu, umeahidi usichonacho. Utapewa idara, utapewa bajeti, utapewa watu 40 chini yako, na hujui kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha. Hiyo ni khiyana hata kama hakuna aliyekushtaki. Katika Suratul Qasas tunasoma habari ya binti aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), na sifa alizozitaja ni mbili: nguvu na uaminifu. Wanachuoni wamezifanya sifa hizo kuwa mizani ya kila mwenye kupewa kazi. Nguvu ya meneja ni ujuzi wa kazi yake. Uaminifu peke yake haufungi hesabu za mwaka.

UDHURU WA PILI: "CHUKUA FEDHA, NDIYO YENYE PESA"

Likija suala la mchepuo, wengi wetu tunafuata upepo. Mwaka huu wote fedha. Mwaka ujao wote usimamizi wa miradi. Sasa umekuja upepo mwingine mwetu sisi Waislamu: wote tukimbilie benki za Kiislamu.

Nitaanza na huu wa mwisho, maana najua utawagusa wasomaji wangu. Haja ipo, tena kubwa. Bunge la Uganda lilirekebisha sheria ya taasisi za fedha na mwaka 2016 ikaruhusu huduma za benki za Kiislamu. Kanuni zake zikatoka mwaka 2018. Lakini leseni ya benki ya kwanza kamili ya Kiislamu, Salaam Bank, Benki Kuu iliitoa mwaka 2023. Kenya walikuwa wametutangulia mbali, maana Gulf African Bank ilianza mwaka 2008. Tanzania, Amana Bank ilianza mwaka 2011. Kwa hiyo hapa kwetu fani hii ingali changa na inahitaji watu.

Lakini inahitaji watu gani? Chukua murabaha, muamala unaotumika sana. Mteja anataka gari. Benki inalinunua gari hilo kwanza, linaingia katika milki yake na dhamana yake, kisha inamuuzia mteja kwa bei ya kununulia pamoja na faida inayojulikana na pande zote mbili. Sasa meneja asiyejua fiqhi akiupindua mpangilio huo, akamkabidhi mteja pesa mkononi na kuandika "murabaha" juu ya karatasi, ameuza pesa kwa pesa. Riba imevaa kanzu. Hapa ndipo mchepuo una uzito, kwa sababu kosa la hatua moja linaharamisha muamala wa watu wengi. Imepokewa na Imam Tirmidhi kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikataza asiuze katika soko lao ila mtu aliyeifahamu dini. Ikiwa hilo lilikuwa kwa muuza tende, vipi kwa meneja wa mikopo?

Kwa hiyo anayefanya kazi benki au bima, na ana msingi wa Kiarabu na fiqhi, huyu mchepuo wa fedha za Kiislamu ni wake. Ziko njia. Chuo cha INCEIF cha Kuala Lumpur kilianzishwa na Benki Kuu ya Malaysia mwaka 2005 kwa kazi hii hasa. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya uhasibu na sharia kwa mabenki ya Kiislamu, ina vyeti vya kitaalamu vya mhasibu na vya mshauri na mkaguzi wa sharia. Kwa mtu aliye kazini, huenda cheti cha namna hiyo pamoja na MBA ya kawaida kikamfaa kuliko shahada nzima ya mbali.

Lakini wewe unayesimamia hospitali, benki ya Kiislamu inakuhusu nini? Mgonjwa wako anakufa kwa kukosa oksijeni kwa sababu manunuzi yalichelewa. Amana yako ni usimamizi wa huduma za afya. Wewe mkuu wa shule ya Kiislamu, walimu wako wanakukimbia kila muhula. Amana yako ni rasilimali watu na uongozi wa elimu. Wewe wa kampuni ya usafirishaji, Uganda haina bahari, mizigo yetu inateremka Mombasa na Dar es Salaam na kupanda kwa barabara siku kadhaa. Amana yako ni ugavi. Na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeleta kazi za zabuni na mikataba ambazo vijana wetu wanaziona zinapita, kwa sababu hawakujiandaa kwa manunuzi wala kwa usimamizi wa miradi.

Hili si jambo jipya. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ndani ya Ihyaa aliwalaumu watu wa zama zake. Aliona miji imejaa wanaosongamana katika fiqhi, hasa elimu ya mabishano, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikileta ukadhi na vyeo, na miji hiyo hiyo haina tabibu Mwislamu. Aliwauliza vipi wanadai wanatekeleza fardhi ya kutosheleza kwa kwenda palipojaa na kupaacha palipo tupu. Lau angeamka leo akaona orodha ya waliojiandikisha katika michepuo, nadhani angeuliza swali lile lile.

Kwa hiyo usiniulize, "Ustadhi, mchepuo upi una pesa?" Jiulize: ni jambo gani ofisini kwangu linaharibika kila mwaka kwa sababu mimi, mwenye dhamana nalo, silijui? Jibu la swali hilo ndilo mchepuo wako.

UDHURU WA TATU: "NITAKOPA, MSHAHARA UTALIPA"

Hapa naomba tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Wengi wanailipia shahada hii kwa mkopo wa mshahara wenye riba. Wanasema ni uwekezaji.

Tupige hesabu. Tuseme ada na gharama zote ni shilingi milioni 15 za Uganda. Unakopa zote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa miaka 3. Kila mwezi utakatwa takriban shilingi 542,000, na mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 19 na nusu. Hizo milioni 4 na nusu za ziada ndizo Mwenyezi Mungu (S.W.T.) alizozitangazia vita katika Suratul Baqara. Na zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ada ya watoto, kwenye chakula cha nyumbani, kwenye dawa ya mama mzee kijijini. Ulikwenda kutafuta elimu ya kusimamia mali, na somo la kwanza ulilolitenda ni kuipoteza mali yako mwenyewe.

Wapo watakaosema ni dharura. Dharura ni mtu anayehofia uhai wake. Kupanda cheo si dharura.

Milango ya halali ipo, ila inataka subira. Kwanza, vyuo vingi hupokea ada kwa muhula au kwa awamu. Weka akiba mwaka mmoja kabla, kisha lipa unavyokwenda. Pili, mwombe mwajiri akudhamini. Lakini usome mkataba wake kabla ya saini, maana kwa kawaida una sharti la kubaki kazini miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unarudisha gharama. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ile ya kuandika madeni, basi Mwislamu asiwe wa kwanza kuweka saini asichokisoma. Tatu, familia na jamaa wa msikiti wanaweza kuchangiana qardhul hasan, mkopo mwema usio na nyongeza. Tunachangia harusi ya siku moja mamilioni. Tutashindwa kumkopesha ndugu mmoja kwa mwaka, arudishe, aende mwingine?

UDHURU WA NNE: "HIYO NI ELIMU YA DUNIA"

Huu unatoka upande wetu sisi, watu wa vilemba. Yuko mwenzangu katika ualimu aliyewahi kuniambia kwamba MBA ni elimu ya kikafiri ya kufundisha tamaa, na Mwislamu hana haja nayo. Nasema kwa heshima: hapana.

Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe asimamie hazina za nchi, na akataja sababu mbili, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Alipanga mavuno ya miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa, na akaagiza nafaka iachwe katika mashuke yake ili isiharibike. Huo ni mpango wa muda mrefu, ni ghala, ni kujikinga na hatari. Bibi Khadija (r.a.) aliajiri watu na kuendesha misafara. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina hana kitu, akakataa kugawiwa nusu ya mali, akaomba aonyeshwe soko.

Na tutazame misikiti yetu, shule zetu, mali zetu za wakfu. Ni wangapi katika wanaozisimamia wanaweza kukutolea hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa? Ardhi ya wakfu inapotea kwa kukosa hati, shule inafungwa kwa madeni, halafu tunasema ni qadar. Qadar tunaiamini. Lakini uzembe tusiusingizie qadar. Yapo ndani ya masomo hayo mambo ya kukataa, kama kuhesabu riba kuwa ni gharama ya kawaida ya biashara, au kuifanya faida ya mwenye hisa kuwa kibla. Jibu lake ni kumwandaa mwanafunzi wetu ayatambue, asome na fiqhi ya miamala sambamba. Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 kwa fikra hiyo hiyo ya kuziunganisha elimu mbili, na kina tawi la wanawake Kabojja. Basi hata dada zetu wenye vyeo wasiambiwe kwamba njia hakuna.

MKE, MUME NA WATOTO NAO WANASOMA

Jambo la mwisho linahusu nyumba. MBA ya mtu wa kazini husomwa jioni au mwisho wa wiki. Maana yake, kwa miaka miwili, saa za nyumbani ndizo zinazolipa. Mimi nayaona haya kwenye madaftari ya watoto. Mahali pa saini ya mzazi pako wazi wiki nzima. Mtoto aliyekuwa akisikilizwa juzuu na baba yake baada ya Maghrib sasa hana wa kumsikiliza, na hifdhi inarudi nyuma.

Sisemi baba asisome, wala mama asisome. Nasema wakae wote wawili washauriane kabla ya fomu, kwa sababu shura ni amri na hapa ndipo mahali pake. Nani atasikiliza juzuu? Nani atawahi hospitali mtoto akiugua usiku? Uzito haumaliziki kwenye masomo ya darasani, kwani wengi wanayamaliza kisha wanakwama kwenye tasnifu, mwaka juu ya mwaka, kwa sababu hawakuwa na swali la utafiti. Na hapa faida ya kuchagua kwa amana inaonekana tena: aliyeingia na tatizo la ofisini kwake ameshaingia na tasnifu yake mkononi.

KABLA HUJAJAZA FOMU

Ndugu msomaji, chukua karatasi, uandike majibu ya haya:

1. Ni kazi gani ninayoifanya sasa, na ni wapi ninapoishindwa?
2. Nataka kuiona taasisi nzima, au kuchimba fani moja?
3. Programu hii, kwa jina lake kamili, ina ithibati hai?
4. Walimu wa mchepuo huu ni nani, na wamewahi kuifanya kazi hiyo?
5. Pesa inatoka wapi, na je, ni safi?
6. Nyumbani wamekubali, au nimewaarifu tu?
7. Nikimaliza, ni taasisi gani ya Waislamu itakayofaidika na saa zangu mbili kwa wiki?

Ukishindwa kujibu hata manne, swali istikhara, usubiri mwaka. Chuo hakihami.

Ukiweza kuyajibu yote, basi tawakal kwa Allah, uende, na usimsikilize anayekukatisha tamaa, awe amevaa tai au kilemba. Umma huu hauna upungufu wa watu wenye vyeti ukutani. Unapungukiwa na wale wanaoweza kukabidhiwa hazina wakairudisha imekua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atupe elimu yenye manufaa, rizki ya halali na nyumba zenye utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.